Nilivyorudi kwenye Pizzeria Yetu ya Likasi

Nilifunga safari kwa sababu ya maneno machache ya mume wangu. Yeye ni dereva wa lori la shaba, na aliporudi nyumbani Mbeya mwezi wa sita alisema, akiwa bado ananawa mikono, "Ile pizzeria yenu ya Likasi ipo. Nimepita, tanuri linatoa moshi. Na Bibiche yupo."

Kabla sijaolewa, mimi na Bibiche tulifanya kazi pale, yeye kwenye tanuri, mimi kwenye meza. Wateja wakiisha tulikata pizza moja kwa mkasi wa cherehani, tukaila tumesimama. Kisha niliondoka na dereva wangu, siku mbili kabla ya harusi ya Bibiche, na shahidi wake kanisani nilipaswa kuwa mimi. Sikumuaga. Imepita miaka kumi na minne.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za Zambia, barabara na usingizi wa vipande. Mpakani Kasumbalesa, kuingia Kongo, afisa aliniuliza naenda Likasi kufanya nini. "Kula pizza," nikasema. Alinitazama kidogo, akagonga muhuri.

Siku ya tatu asubuhi nilipanda teksi ya pamoja kutoka Lubumbashi. Kapolowe tulisimama, dereva akanunua samaki kwa akina mama wa barabarani. Baada ya hapo nilianza kuutafuta mnara wa kiwanda cha Shituru, unaoonyesha kwamba Likasi imekaribia, na kabla sijauona nikausikia moshi wake kooni, mkali kama siki. Wenzangu walifunga vioo. Mimi niliteremsha changu.

Saa saba mchana nilishuka mbele ya pizzeria. Mlango uliokuwa wa buluu sasa ni wa kijani. Mzee Mgiriki aliyetuajiri alishahama, na biashara ni ya Bibiche. Meza zilikuwa zilezile, chini ya mijakaranda. Nilikaa kwenye ile ya pembeni. Alikuja mwenyewe, amenenepa, unga mpaka kwenye viwiko.

"Bonjour, Madame. Tukuletee nini?"

"Bibiche, ni mimi."

"Nilikuona tangu unashuka."

"Mbona unaniita Madame?"

"Benye kuja kula hapa, njo vile tunabaitaka."

Niliagiza ya soseji na pilipili. Iliyokuja ilikuwa ileile, ukingo umeungua kidogo upande mmoja. Nilikula vipande viwili, cha tatu kikanishinda. Wateja walipopungua, Bibiche alivuta kiti akakaa.

"Unaongea sasa Kiswahili ya redio," alisema.

"Mbeya ndivyo wanavyoongea."

"Ile siku nilikungoyaka ku mulango ya kanisa. Padiri anasema tuanze, minye nasema tungoye kidogo. Tulingoya mupaka bantu banaanza kuniangalia na huruma."

"Nilijua ungenizuia nisiondoke naye. Niliogopa."

"Ningekuzuia, ndiyo. Kisha ningekusaidia kukunja nguo na kufunga valizi."

Nilisema nisamehe, na neno lenyewe lilitoka dogo kuliko nilivyolibeba kutoka Mbeya. Alitazama sahani yangu.

"Kula. Inapoa."

Jioni mteja mmoja aliuliza mimi ni nani. "Alikuwaka anatumika hapa," Bibiche alijibu. Nilisubiri aongeze kitu zaidi ya ile kazi. Aligeukia tanuri.

Asubuhi ya siku ya nne nilipita tena kabla ya kuondoka. Alikuwa anakanda.

"Unaenda?"

"Naenda. Nimekuja kuaga."

Alinawa, akanisindikiza mpaka kituoni. Njiani tuliongea habari ya kuni zinazoletwa mbichi siku hizi. Teksi ilichelewa kujaa, naye hakuondoka, alisimama tu, mkono juu ya paa la gari. Dereva alipowasha, aliinama dirishani.

"Bwana yako akipita huku na kamyo, umutume na namba yako. Minye sitaiomba mara mbili."

Nyumbani mume wangu aliuliza kama pizza ni ileile ya zamani. Nilimwambia ni ileile kabisa. Nilichojifunza kilinichukua muda zaidi kukisema. Miaka yote ile niliikumbuka Likasi kana kwamba imesimama pale mlangoni, inaningoja. Iliningoja kweli, Jumamosi moja, kwa muda ambao padri aliweza kuvumilia. Kisha ikaingia ndani, ikaanza bila mimi. Wiki hii lori linapakia tena kwenda Katanga, kupitia Likasi. Namba nimeiandika kwa wino, kwa tarakimu kubwa, na chini yake nimeandika jina langu lote, asije akasema hakunijua.