Pale Nilipokwama

Mnisamehe mwandiko huu unaopanda na kushuka, na maneno niliyokosea. Niliishia shule ya msingi na naandika polepole. Lakini kila nikinusa magunia ya kahawa narudi Kanyakine, katika stoo ya babu, mwaka nilipokuwa darasa la sita. Humo ndimo mama alimoweka drams zake. Alikuwa kiongozi wa bendi ya jazi, na msimu ule wa mvua alikuwa akitunga muziki kutokana na kitabu cha kale cha utenzi kilichong'oka jalada, kuhusu mama anayemngoja mwanawe arudi kutoka vitani. Mikono yake ilikuwa na kazi, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea, nikiwa nimeketi juu ya gunia. Nyumbani tuliongea Kimeru, na Kiswahili kile cha pwani kilikuwa kigumu kwangu. Nilisoma neno, nikakwama, nikalitazama, nikaendelea. Mama hakuniharakisha. Nilipokwama alipitisha brashi za waya juu ya ngoma, na nilipoendelea akazishusha akanisikiliza.

Muthomi, mpiga tarumbeta, hakuupenda muziki huo. Alizoea harusi, watu wakiinuka na kucheza. "Mama Kendi, hii ni muziki ama ni matanga?" aliuliza siku moja, na wenzake wakacheka. Mama pia alicheka, lakini alijua kwamba bendi moja ya Embu ilikuwa inamtaka Muthomi. Muthomi alisema waziwazi kwamba angepiga Jumamosi kule Kaaga, kwenye ukumbi wa shule tulioazimwa, na watu wakitoka kabla ya mwisho, yeye pia angeenda zake Embu. Bila tarumbeta hapakuwa na bendi. Na msomaji angekuwa mimi, mtoto aliyeinamisha kichwa hata kuitikia jina lake darasani. Wiki nzima, nikienda kukata majani ya ng'ombe, nilizirudia kurasa zile mpaka nikazijua bila kutazama. Sikutaka kumwaibisha mama.

Ukumbi ulinuka sweta zilizolowa mvua. Nilisimama na kitabu nimekifunga, na maneno yakatoka mbio, bila kukwama hata mahali pamoja. Nilidhani nimeweza. Lakini nyuma yangu muziki ulikuwa ukivunjika. Tarumbeta iliingia juu ya sauti yangu, brashi zikafika nikiwa nimeshapita. Wanaume wa viti vya nyuma wakaanza kuongea, kiti kikakwaruza sakafu, wengine wakaelekea mlangoni. Muthomi akashusha tarumbeta na kumtazama mama. Mama akaweka kiganja juu ya toazi, likanyamaza. Nilingoja anigombeze mbele ya watu wote.

"Kendi," alisema kwa sauti ya chini, "pale unapokwama ndipo sisi tunaingia. Soma kama kwa stoo."

Nikafungua kitabu, nikautafuta mstari kwa kidole. Nilisoma neno la kwanza. La pili nikalitazama tu. Kimya kile kilikuwa kirefu mno, nikasikia mvua juu ya mabati, kisha brashi, kisha tarumbeta ikaingia taratibu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Mwanamke mmoja pale mlangoni alikuwa ameshafungua mwavuli. Akaufunga. Hakurudi kwenye kiti, lakini hakutoka mpaka tukamaliza. Muthomi alifuta tarumbeta yake. Aliuliza tu mazoezi ya Jumatatu ni saa ngapi.

Siku hizi niko Siakago, nauza mbegu katika duka la watu. Mama bado anapiga, na Muthomi ndiye humbebea drams. Kwangu mimi, nikikwama sasa nikisoma pakiti ya mbegu, mteja hunimalizia neno au huchungulia simu yake. Hakuna aingiaye pale kwa upole kama wao walivyoingia. Basi wewe uliyefika mpaka hapa, niandikie, hata kama mwandiko wako ni mbaya kuliko wangu. Nitachelewa kujibu, lakini sitaruka neno lako hata moja.