Mlima Mmoja Ndani ya Makopo Sita

Kwa jumla mambo yale yalinigharimu makopo saba ya nyanya, kandambili moja ya mguu wa kushoto, Jumamosi nzima na makofi mawili ya Mama. Nimehesabu mara mbili, hakuna zaidi. Makopo niliyaokota nyuma ya mgahawa mmoja pale mtaa wa Jabe, na hadi leo nikisikia harufu ya nyanya iliyochacha ndani ya bati najiona nina miaka kumi na mmoja, nimechuchumaa kando ya mtaro, nasugua kutu kwa mchanga huku mvua ya asubuhi ikinidondokea shingoni. Niliyohitaji yalikuwa sita tu. La saba lilikuwa la akiba, kwa sababu Mama, aliyeuza mitumba sokoni, alinifundisha kwamba anayetoka nyumbani na hesabu kamili hurudi na pungufu.

Chanzo kilikuwa ramani. Mwaka ule tulifundishwa sura ya nchi: mlima, korongo, tambarare, mto, delta, ziwa. Tulikariri maana zake kwa Kifaransa, darasa zima kwa sauti moja, kama watu wanaovuta mtumbwi. Kisha mwalimu wetu, Mwalimu Leonidasi, mtu wa milima ya kati aliyekuja Bujumbura mwaka mmoja tu kabla, akatuambia tuchore mji wetu na kuonyesha vitu vyote sita, alama moja kila kimoja. Mimi nilichora kama kila mtu wa Bujumbura anavyouona mji. Kwetu hakuna anayesema anakwenda mashariki au magharibi. Unapanda au unashuka. Ukipanda unaelekea milimani, ukishuka unaelekea ziwani, na hata kipofu anajua, miguu yake inamwambia. Basi milima nikaiweka juu ya karatasi, ziwa nikaliweka chini, mto Rusizi nikauingiza ubavuni kutoka kushoto. Halafu, kwa kuwa kitabu kilisema juu ya ramani ni kaskazini, nikaandika hapo juu, kwa herufi kubwa na kujiamini kote, KASKAZINI.

Nilipata sifuri. Wino mwekundu, duara kama yai.

Sasa elewa hali yangu. Ili nipande darasa nilihitaji alama hamsini, nami nilikuwa na arobaini na saba. Nilijumlisha kutoka juu kwenda chini, nikajumlisha kutoka chini kwenda juu, zikabaki arobaini na saba. Na Mama alikwishasema, bila hasira, jambo lililonitisha zaidi: nikiambiwa nirudie darasa, sitarudi shuleni tena. Kibao cha kukalia kilikuwa tayari pembeni ya meza yake sokoni, amekifuta vumbi. Mimi soko nililipenda, lakini nilitaka kuliingia kwa mlango wangu mwenyewe, si kwa kusukumwa.

Nikamfuata Mwalimu wakati wa mapumziko. Nilihitaji alama tatu, lakini muuzaji gani anataja bei yake ya mwisho kwanza? Nikaomba sita.

“Mwalimu, kosa ni moja, la kaskazini. Mbona umekata sita?”

“Kwa sababu milima yako imekaa kaskazini. Jua lako nalo linatokea wapi, jikoni?”

Nikaishika karatasi, nikaigeuza robo duara. Milima ikaenda mashariki, ziwa likaenda magharibi, Rusizi ikateremka kutoka juu kama ilivyo kitabuni. Mwalimu akaiangalia, akalaza kichwa upande, akakiinua.

“Umebahatisha. Hujui ulichochora, binti. Umewahi kuiona delta?”

“Bado, Mwalimu. Wewe?”

Wenzangu wawili waliokuwa karibu wakacheka, nami nikajua nimezidisha chumvi. Mwalimu akanirudishia karatasi. Kisha akasema: “Jumatatu uniletee ushahidi wa kila kimoja, udongo wake au maji yake. Ukinidanganya nitajua. Alama moja kwa kila ushahidi.”

“Na kama vyote sita vimo?”

“Nenda zako kabla sijabadili mawazo.”

Mjomba Saidi, kaka yake Mama, alikuwa dereva wa lori la mawe na mchanga. Nilimkuta Ijumaa anakula. Akasikiliza shida yangu yote, akalamba vidole.

“Apana. Hii lori haibebe batoto.”

“Nitakuoshea lori, mjomba.”

“Mara mbili.”

“Mara moja, na vioo.”

“Na magurudumu. We Mwajuma, uko na akili kweli? Batu banalipwa kwa kubeba mchanga, we unabeba bure!”

Tukaondoka asubuhi na mapema, makopo yakigongana miguuni mwangu. Tulipita mtaa wa Mutanga Sud, tukapanda hadi mlimani, mahali wanapopasua mawe, na hapo nikajaza kopo la kwanza udongo mwekundu uliochanganyika na vipande vya jiwe. Mawe yenyewe yalikuwa makubwa kama mbuzi aliyelala. Tukateremka na mzigo hadi ukingo wa korongo la mto Ntahangwa. Humo nyumba moja ilikuwa imebaki na ukuta wa mbele tu, mlango umefungwa kwa kufuli na nyuma yake hakuna kitu ila hewa. Nikashuka kwa makalio, nikachota. Mawe ya humo yalikuwa kama vichwa vya watu, na chini zaidi, mtoni kwenyewe, yalikuwa kama ngumi. Yote rangi ile ile, yenye mishipa myeupe ile ile niliyoiona mlimani. Nikajaza kopo la mto, nikayapima mawe mkononi na jambo fulani likaanza kunikuna kichwani, lakini Mjomba alikuwa anapiga honi.

Baada ya kushusha mawe tukaenda tambarare, kule Imbo, ambako joto linakukalia mabegani kama mtoto mzito na barabara inanyooka mpaka inachosha. Jiwe langu nikalikuta huko limekuwa mchanga, nikauchota. Wachimbaji wakijaza lori, Mjomba akanipeleka kwa miguu hadi pale Rusizi inapokaribia ziwa, ikajigawa vidole na kulala kwenye matete. Nilivua kandambili ya kulia, nikasahau ya kushoto, tope likaichukua. Nilipoinama kuitafuta, kitu kikapumua ndani ya matete, pumzi nene kama ya lori lenyewe.

“Mbio, mutoto! Kiboko haulize kama uko na mutihani!”

Nilikimbia na kopo la tope kifuani, kandambili nikamwachia mwenyeji. Ziwani, penye harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, waliokaushwa, nikachota maji ya mwisho na kuyaangalia dhidi ya jua. Yalikuwa na wekundu hafifu. Ndipo kile kilichonikuna kikatoka: wazee wanasema milima haikutani, lakini huu mmoja nilikuwa nimekutana nao mara sita siku moja, kila mara umepungua kimo na kuongeza upana. Nyumbani Mama alihesabu viatu kabla ya kuhesabu makopo, na hapo ndipo makofi yale mawili yaliingia kwenye gharama.

Jumatatu niliyapanga makopo mezani kwa Mwalimu, kutoka lile la juu hadi lile la chini. La saba lilikuwa limetumika, maana la korongo lilitoboka njiani. Lile la delta lilikuwa limeanza kunuka, darasa likashika pua. Nikamweleza: jiwe, ngumi, mchanga, tope, maji. Alichovya kidole katika kila kopo, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi wa ukweni.

“Tano,” akasema.

“Sita, Mwalimu. Hesabu tena.”

“Kaskazini uliyoandika umeniletea kwenye kopo lipi?”

Tano zilitosha. Arobaini na saba na tano, hamsini na mbili. Mtu akishapita bei yake ya mwisho asiendelee kubisha. Nilipokuwa nakusanya makopo akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anauliza bei ya kitu asichotaka watu wajue anakihitaji: “Hiyo delta, mjomba wako anakwenda siku gani?”

Leo nina duka langu Jabe, nililoliingia kwa mlango wangu. Lakini nchi niliyoibeba kwa mikono imehama. Korongo limepanuka, hata ule ukuta wenye kufuli haupo. Ziwa limepanda tambarare, na mahali lori lilipojazwa mchanga sasa mtu anapita kwa mtumbwi. Sisi tulioushusha mlima kwa koleo, safari mbili kwa siku, sidhani tuna haki ya kushangaa. Mpwa wangu Rehema, mwenye miaka kumi, anaishi kwangu tangu maji yalipoingia nyumbani kwao na kukataa kutoka. Wiki iliyopita aliambiwa shuleni achore ziwa. Alilichora hadi juu ya mtaa wao, akaweka na kidirisha kidogo kinachochungulia majini. Mwalimu wake amemkata alama, kwa sababu kitabuni pale ni nchi kavu, na mtihani wa taifa utasahihishwa kwa kitabu. Ninyi mnaosoma, wengine wenu ni walimu, nishaurini: Jumatatu niende nikamtetee kama nilivyojitetea, au nimwambie mtoto achore ufuo wa kitabu, apite darasa, na nyumba yao aiache kwenye nchi kavu ambayo haipo tena?