Tembe za magoti nilizomgawia Baba Njeri

Leo daktari huku Ruiru ameniuliza swali moja.

Mnajua mzee wangu, Baba Njeri, ni mgonjwa wa figo. Wiki mbili mgongo umemsumbua, nami nikawa namgawia tembe zangu za magoti, moja kila jioni. Si sisi ni mtu na bibi yake? Kinachonisaidia mimi, yeye kitamkataa?

Leo tukiwa naye kliniki nikatoa chupa kwa kiondo nimwonyeshe daktari.

Akaisoma. Akaiweka mezani polepole.

"Mama, hizi zinaumiza figo. Amemeza ngapi?"

Nikalia hapo hapo. Nikajua nimemuua kwa mkono wangu.

Baba Njeri akakohoa.

"Daktari, sijameza hata moja. Huyu akigeuka, nairudisha kwa chupa. Hizo ni za magoti yake, na yeye ndiye anateka maji."

Kumbe ndiyo maana hazikuwa zinaisha. Na mimi nilishatoa ushuhuda kanisani kwamba Mungu ameibariki ile chupa.

Wapendwa, mgonjwa wa figo msimpe dawa ya mwingine. Muulize daktari kwanza.

Sasa niambieni, Jumapili nitasimama niseme nini?