Mwongozo wa Nyota Nyota

Usimwone Damalie Nyafwono ameinama mbele ya kompyuta mchana kutwa ukadhani anatafuta mchumba. Wapo waliodhani hivyo, na walimwambia usoni, maana watu wa Busia hawajui kunong'ona. Kazi yake inayojulikana ni kuchapa. Ana kibanda upande wa Uganda, hatua chache kutoka foleni ya malori, na humo huchapa barua za maombi, kadi za harusi na programu za mazishi. Hizo za mazishi ndizo zilizomnoa macho. Kosea jina la marehemu, au mtangulize mke mdogo kabla ya mke mkubwa, uone kama hutarushiwa karatasi zote usoni!

Wateja wakipungua, jua likikaa juu ya mabati na mji mzima ukisinzia, Damalie hufungua kazi yake ya pili, isiyo na mshahara. Ziko programu za kompyuta ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichungulia ndani na kutengeneza palipoharibika. Huitwa programu huria. Miongozo yake huandikwa kwa alama ndogondogo: alama ya reli mbele ya maneno huyafanya kichwa cha habari, vinyota viwili huku na viwili kule huyakoleza. Mwandishi akiacha nafasi mahali pasipotakiwa, alama hukataa kazi na kubaki zimetapakaa ukurasani kama mchele uliomwagika. Damalie huziokota. Anaondoa nafasi hapa, anaongeza kistari pale, na ukurasa unatulia. Saa hizo malori huyasikia kwa mbali, kama yanapita katika nchi nyingine, na ukimgusa bega hushtuka na kukuuliza leo ni siku gani. Aliipenda kazi ile, basi. Kuna watu hupenda kufuma vitambaa, na hakuna anayewauliza wanapata nini.

Aliyemfundisha ni Winfred, mwalimu wa kompyuta kutoka upande wa Kenya, anayevuka kila siku kuja kufundisha na hupita kibandani kunywa chai ya bure. Mwanamke mcheshi huyo, na mdomo wake hauna breki.

Nyumbani Damalie aliishi na mdogo wake, Obore. Presha ya macho ilimpokonya nuru akiwa na miaka ishirini na sita. Alitoka kwao Molo, kijiji cha upande wa Tororo, akaja kukaa kwa dada yake wiki mbili, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Miaka yote hiyo Damalie alikuwa macho yake. Alimsomea jumbe za simu, magazeti, Biblia, hata ujumbe wa mwanamke aliyemwacha, na siku hiyo waliona aibu wote wawili.

Obore hakuwa mtu wa kulalamika. Alikusanya sauti. Simu mkononi, alirekodi mvua ikianza kudondoka juu ya bati, wanawake wa kijiji jirani cha Sikuda wakibishana juu ya mihogo, lori likishusha pumzi baada ya kuzimwa. Jioni alimsimulia dada yake jinsi angeziunganisha: kwanza mvua, halafu lori, halafu kicheko cha mama mmoja, kisha kimya. Damalie alifumba macho akayaona yote. Walikaa hivyo mlangoni, chai inapoa, hakuna aliyetaka kuingia ndani.

Ndipo redio moja ndogo ya Tororo ikatangaza kwamba inatafuta mtu wa kukata na kuunganisha sauti. Mtihani Ijumaa. Programu yao ilikuwa huria, na kompyuta yao ilikuwa na ile sauti inayosomea wasioona maandishi ya kwenye kioo. Masharti yalikuwa mafupi: hakuna kuingia na karatasi, wala flashi, wala msaidizi. Atakayekwama afungue mwongozo wa programu mtandaoni, kama wengine.

Obore akaufungua mwongozo huo kwenye kompyuta ya dada yake, nayo wakaitia sauti kama ile, asikie. Sauti ikaanza: "Nyota nyota kukata sauti nyota nyota. Kistari wima kitufe kistari wima kazi yake kistari wima." Ikaenda hivyo hivyo bila kutua, vichwa vya habari vimezama ndani ya maelezo, na jedwali zima la vitufe limegeuka uji.

"Dada," Obore akasema, "hii ni kitabu ama ni mtu nahesabu nyota?"

"Nitakusomea mpaka uvishike kichwani."

"Vitufe yote hiyo? Na mimi nikisahau moja mbele yao, wewe utakuwa wapi?" Akaizima ile sauti. "Mimi nachoka kusomewa, dada."

Alisema taratibu, bila hasira, na Damalie akaumia kuliko kama angemfokea. Alijua ni kweli. Ukurasa ule usipotengenezwa kabla ya Ijumaa, Obore angekwama mbele ya watu wa redio, kisha angerudi kuketi mlangoni kusubiri mtu wa kumsomea, mwaka wa nne, wa tano, hadi lini?

Jumatatu mchana akaufungua. Haukuwa umeguswa kwa miaka. Akaondoa nafasi zilizovunja vinyota, akavipa vichwa alama zake za reli, akaurudisha chini ya safu ya kwanza ya jedwali ule mstari wa vistari ambao mtu aliusahau. Jedwali likasimama lenyewe, safu chini ya safu. Mteja alisimama dirishani na picha ya marehemu mkononi muda mrefu, hata akakohoa mara mbili. Damalie alitabasamu bila kumwona.

Kilichobaki kilikuwa kumwomba msimamizi wa mwongozo, mtu asiyemjua wa nchi asiyoijua, ayapokee marekebisho. Hapo ndipo alipoharibu. Mtoto wa Molo aliyelelewa vizuri haingii kwa mtu akaanza na shida zake! Akaandika kama alivyofunzwa. Alimsalimu msimamizi, akauliza hali ya mke wake, watoto, na wazee kama wangali wazima. Akauliza kama mvua imenyesha na ng'ombe wanaendeleaje. Akamjulisha kwamba hapa wote ni wazima ila mguu wa mama unasumbua. Akamshukuru Mungu. Shida yenyewe ilikuja aya ya nne.

Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Ombi limefungwa. Sababu: taka.

"Taka!" Damalie alirudia. Akalisoma tena, akaona moto unapanda shingoni. Ametukanwa na madereva wa malori, ametukanwa na wafiwa, lakini kuitwa taka baada ya salamu nzuri namna ile? Alifunga kompyuta na Jumanne nzima hakuigusa.

Jumatano Winfred alipita. Aliposoma ile barua alicheka mpaka chai ikampalia.

"Aki Damalie, umemuuliza mzungu wa watu habari za ng'ombe! Amedhani wewe ni wale matapeli wanaotafuta namba za benki."

"Sasa niingie kwa mtu bila kumsalimia? Mimi ni mwizi?"

"Huko mlango uko wazi, dada. Unaingia, unasema kilichovunjika, unatoka. Na mwambie kinamuumiza nani. Hilo hukuliandika popote."

Kweli hakuwa ameliandika. Alimwuliza msimamizi habari za watu wake wote, na Obore hakumtaja hata mara moja. Alikaa akiangalia vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha, likipanda na kushuka polepole, hata Winfred akajiondokea. Kisha akarekodi ile sauti ikisoma ukurasa, nyota nyota, kistari wima, akaituma pamoja na mistari mitatu tu: "Vichwa na jedwali la ukurasa huu vimevunjika. Nimevitengeneza. Ndugu yangu haoni, ana mtihani Ijumaa, na hivi ndivyo anavyousikia mwongozo wenu."

Alhamisi hakuchapa neno la maana. Kila dakika alitazama, kila dakika hakuna. Mchana akalala na shavu juu ya meza, akaota vinyota vinashuka juu ya Busia yote, juu ya malori na miavuli ya wabadilishaji pesa, na watu wanavipangusa mabegani bila kushangaa. Alipoamka ukurasa ulikuwa umebadilika. Msimamizi ameyapokea yote. Chini ameandika kwamba aliisikiliza rekodi mpaka mwisho na ameona haya.

"Banange!" Damalie alipiga kelele peke yake kibandani.

Ijumaa ukungu ulikuwa umefunika nusu ya jiwe la Tororo, lile refu kama mlima, walipofika. Loy, mpokea wageni wa redio, alimshika Obore mkono akamwingiza, kisha akamwonyesha Damalie benchi la nje. Mlango ukafungwa. Damalie alikaa. Alisimama. Alikaa tena. Tangu macho yapotee hakuwahi kumwacha Obore mbele ya maandishi akiwa peke yake, na mikono yake haikujua pa kujiweka. Kama angeruhusiwa angetambaa chini ya ule mlango.

Saa nzima ilipita ndipo Obore akatoka, fimbo mbele.

"Jumatatu naanza," akasema.

Damalie akapiga vigelegele hata Loy akachungulia dirishani. Akamkumbatia mdogo wake, akamtikisa, akamwambia alijua, tangu mwanzo alijua. Uongo mtupu, lakini nani angemlaumu?

"Ngoja kwanza, dada. Pale katikati mimi nakwama. Kitufe ya kushusha sauti polepole, nasahau kabisa. Wote wamenyamaza, wananiangalia, nasikia vile wananiangalia."

"Mungu wangu! Sasa nani akakusaidia?"

"Hakuna mtu," Obore alisema. "Nikasoma."

Damalie akaketi tena juu ya lile benchi, akalia mbele za watu.