Oili Chafu kwenye Meza ya Mama

Juzi niliipeleka ile meza yetu kwa fundi pale Ushirombo. Akaipapasa, akaniuliza, "Mama, tupake vanishi ya kung'aa au isiyong'aa?" Swali dogo tu, ndugu yangu, lakini lilinishinda. Nilikaa kwenye benchi lake la kazi nikalia kama mtoto.

Baba aliichonga mwenyewe, mninga mtupu, miaka ile ambayo hata sabuni ilikuwa adimu madukani. Mama alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, na sista alimwonya baba kwamba mkewe akirudi asile tena mkekani, mgongo wake hauwezi kuinama. Baba akaapa mke wake atakula mezani.

Vanishi aliifuata kwa baiskeli mpaka Runzewe, akarudi na vumbi tu. Bibi akamwambia apake nta, kwani mizinga si tunayo? Baba akaidharau. Mchwa wa kwetu unawajua, wanakula kitanda mtu angali amelala. Nguzo za nyumba tulizipaka oili chafu ya magari na mchwa hawakuzigusa, basi na meza akaipaka hiyo hiyo, siku tatu, mimi nikimsaidia kwa kitambaa. "Hii itatuzika sote," akasema, na meza iling'aa kweli.

Mama alirudi nyuma ya baiskeli, amefungwa kwa kanga kwenye kiuno cha baba. Bibi alipika uji wa ulezi, tukamketisha mezani. Harufu ya oili ikampanda puani, akatapika kabla hajaonja. Jioni tukajaribu tena, ikawa vile vile, naye alikuwa amebaki mifupa.

Baba akaisugua kwa majivu na mchanga mpaka viganja vikachubuka. Wapi, oili ilishazama. Akashika randa, akaanza kuiondoa ngozi yote ya juu.

"Baba watoto, acha," mama akamwita toka ndani. "Nilishe tu hapa kitandani."

"Namalizia, mayu," baba akajibu, akimwita mama kwa kilugha chetu. "Kesho utakula mezani."

Nilitamani amsikilize. Mpaka leo natamani. Siku mbili nyumba nzima ilikuwa sauti ya randa, na mimi ndiye niliyemnywesha mama uji, kijiko kimoja kimoja. Siku ya tatu baba alikuwa jikoni anayeyusha nta, bibi akatoka chumbani amejishika kichwa.

Wa kwanza kula kwenye meza ile walikuwa waombolezaji. Baba hakuwahi kuikalia, hata mara moja.

Sasa bibi hayupo, baba hayupo, na palipokuwa na nyumba yetu wachimba dhahabu wameacha mashimo. Nilipotulia niliingiza kichwa uvunguni mwa meza, kule ambako randa haikufika. Oili bado inanuka. Nikakaa humo kidogo, fundi akanisubiri.

"Juu paka unayotaka," nikamwambia. "Huku chini usiguse."