Niliposikiliza Tangi Letu Kayole

Kazi yangu ni kusikiliza vyuma. Chuma kinapopinda au kuanza kupasuka ndani kwa ndani, hutoa mlio mdogo ambao sikio haliwezi kuunasa. Tunabandika vidude juu yake, na kompyuta inachora mlio huo kama mistari. Majirani zangu Kayole waliamini natengeneza redio.

Basi jirani wa orofa ya juu, mama mshonaji, aliponiambia kwamba tangi la maji lililo juu ya paa linalialia na kumtia wasiwasi, nilifurahi kuliko inavyofaa. Niliazima vifaa kazini, nikabandika kidude kwenye kila mguu wa fremu ya chuma inayobeba tangi, nikakaa na kompyuta mapajani kama daktari bingwa.

Mistari ikaanza kuruka kwenye mguu mmoja. Nilishuka ngazi mbio nikigonga milango. "Tokeni nje, tangi linaanguka." Watu wakatoka, mmoja akiwa na povu la sabuni kichwani, mshonaji akikumbatia cherehani. Tukasimama barabarani tukitazama juu.

Tangi halikuanguka. Mwenye ploti, yaani mwenye jengo letu, alipanda, akakuta kuku wa mshonaji amefungwa kamba kwenye mguu ule, anaudonoa. Nami nilikuwa nimemwona. Nilimsogeza hata, nipate nafasi ya kukaa.

"Injinia," mwenye ploti aliniuliza mbele ya watu, "huyo kuku ana tani ngapi?"

Tangu hapo salamu yangu ikawa, "Niaje, daktari wa kuku."

Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilipanda kimyakimya kung'oa vidude. Kuku alikuwa ameshahamishwa. Nikawasha kompyuta mara ya mwisho. Pampu ikaanza kujaza tangi, na mistari ikaruka tena kwenye mguu uleule, ikizidi kadiri maji yalivyopanda. Nilizunguka paa lote nikitafuta kuku mwingine. Sikumpata. Nikafunga jiwe kwenye uzi, nikauning'iniza kando ya mguu. Mguu ulikuwa umepinda katikati, upana wa kidole.

Nilimsubiri mshonaji mlangoni pake. "Mama, lile tangi..."

"Ni kuku tena?"

"Hapana. Njoo uone."

Aliutazama uzi na mguu, kisha akampigia mwenye ploti simu yeye mwenyewe. Simu yangu isingepokelewa.

Maji yakamwagwa, fundi akachomelea mguu mpya. Wiki hiyo tulipandisha maji kwa mitungi, na kila niliyepishana naye ngazini alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeupinda ule mguu.