Sauti Kutoka Ureno

Muuza karantika wa mtaa wetu hapa Oran, Algeria, hukata mkate wake wa dengu bila kutazama kisu, huunyunyizia bizari, kisha hujifuta vidole kwenye aproni hata kama ni safi. Mashabiki wakibishana mbele ya sinia lake, kila upande huujibu, "Labda." Jana mzozo ulikuwa mkali. Klabu yetu ya soka imempeleka Ureno kwa mkopo yule mshambuliaji Mbrazili tuliyemnunua majuzi tu, kabla hajatufungia hata bao moja.

"Tuliuziwa gogo!" alifoka Lakhdar, dereva wa teksi. "Wakae nalo hukohuko!"

"Akianza kufunga huko utamlilia," alijibu Miloud, fundi viatu. "Ami, wewe wasemaje?"

Muuza karantika aliweka kisu chini. "Mimi namshukuru Mungu kaondoka." Hatukuwahi kumsikia akichagua upande. "Alikuwa akila hapa, kasimama hapohapo ulipo, Lakhdar. Hakuwa na mtu wa kuongea naye. Siku ile mlipomzomea uwanjani, kesho yake alikuja akashindwa kumeza. Huko Ureno wanasema lugha yake."

Akatoa simu, akatusikilizisha ujumbe wa sauti aliotumiwa na yule Mbrazili. Hatukuelewa hata neno, lakini kijana alikuwa akicheka, na nyuma yake watu wengi walikuwa wakicheka naye. Muuza karantika alishusha pumzi kama mzazi aliyepata habari njema.

Lakhdar alisikiliza mpaka mwisho, mkate ukipoa mkononi mwake. "Hebu iweke tena sauti yake, ami," alisema.